Sauti ya Kufukuzia Ngedere

Jumamosi ile ukumbini tulikuwa watu wazima sita na watoto ishirini na mmoja. Alikuwepo mwalimu wa dansi, binti mrefu, Mchaga, ambaye mama yake ana duka la vitambaa huko mjini. Alikuwepo mpiga ngoma wake, mwanaume wa makamo anayetembelea magongo mawili; yule binti alimwita kaka ingawa si ndugu. Alikuwepo mwalimu wa darasa kutoka shule yetu ya huku juu mlimani, ambaye nilimjua tangu akiwa tumboni kwa sababu mama yake alikuwa jirani yangu. Alikuwepo mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye funguo. Mke wake na mimi tulichuma kahawa pamoja tukiwa wasichana. Alikuwepo muuza maziwa, mama wa mtoto mmoja asiyesikia; yeye mwenyewe alipata kipaimara siku moja na binti yangu. Na nilikuwepo mimi, bibi wa mtoto mmoja kati ya wale ishirini na mmoja.

Majina yao ninayo yote. Hata leo nikiulizwa ghafla nitayataja ya watoto wote, na ya baba zao, na nani alibatizwa na mchungaji gani. Lakini humu siandiki jina hata moja. Nikiandika moja nitalazimika kuandika na la mjukuu wangu, na la mjukuu wangu ndilo langu. Binti yangu alimpa jina langu alipomzaa, kama inavyofanyika kwetu. Kwa hiyo mimi na huyo mtoto hatukuitana bibi na mjukuu. Yeye aliniita wajina, na mimi nikamwita wajina.

Wajina alizaliwa akiwa amechoka. Hakulia. Walimpiga mgongoni, wakamzungusha, mwishowe akatoa sauti ndogo kama ya paka. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo, yaani kichwa kinaelewa vizuri ila kinatuma habari mwilini kwa kuchelewa. Goti la kushoto linaingia ndani, mguu wa kulia unaburutwa, mkono mmoja umejikunja kifuani kama mtu aliyeshika yai. Maneno yake yanatoka polepole, na mtu asiye na subira humalizia sentensi kwa niaba yake, tena humalizia vibaya. Baba yake alirudi kwao Kilimanjaro mtoto akiwa na miezi minane na hakuonekana tena. Binti yangu anauza mitumba mjini, amepanga chumba Terrat, na huwezi kukaa na mtoto wa namna ile juu ya meza ya mitumba. Akaniletea akiwa na miaka miwili, na akakaa kwangu mpaka alipofika darasa la tatu.

Shuleni alikaa nyuma, pembeni ya dirisha. Hakuna aliyempiga, nisiseme uongo. Hakuna pia aliyemwita. Wakati wa mapumziko wenzake walicheza rede na yeye alishikilia sweta zao. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kushika sweta. Akirudi nyumbani ananiambia, "Leo nimeshika saba," kama mtu anayehesabu mayai.

Basi siku moja akaja anapumua juu juu, akaniita tangu kwenye migomba.

"Wajina! Nimechaguliwa."

"Umechaguliwa kufanya nini? Kufagia?"

"Kucheza."

"Kucheza nini?"

"Dansi. Dada mmoja amekuja shuleni, amesema wote, wazima na walemavu, pamoja. Nikamuuliza, na mimi? Akasema, wewe hasa."

Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Niliweka panga chini nikamtazama. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwambia wewe hasa.

Tukaanza kwenda kila Jumamosi. Kutoka kwangu mpaka barabara ya lami, kwa mwendo wake, ilikuwa karibu saa nzima, tunapita kwenye mashamba ya kahawa na kuvuka mto kwa magogo mawili. Kwenye lami tunapanda bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma nimemkumbatia, mpaka Kimandolu kwenye ule ukumbi wenye sakafu ya mbao. Watoto wengine wa shule yetu walikuja na mwalimu wao wa darasa, na wengine walitoka mjini huko huko.

Mwalimu wa dansi hakuanza na muziki. Alianza na kutembea. Aliwaambia watoto wazunguke ukumbi kila mtu kwa mwendo wake, halafu akawasimamisha akasema, "Sasa tunajifunza mwendo wa mwenzetu." Jumamosi moja walijifunza wa yule mtoto asiyesikia, ambaye alivua viatu ili asikie ngoma kwa nyayo, wote wakavua viatu, wakaziba masikio, wakasubiri mbao ziwaambie. Jumamosi nyingine ikawa zamu ya wajina.

Watoto walipoanza kumwiga walicheka. Niliinuka kwenye benchi. Muuza maziwa akanishika kanga, "Mama, subiri kwanza." Mwalimu wa dansi hakuwagombeza. Aliwaambia tu, "Mmekosea. Tazameni vizuri. Goti la kushoto ndilo linaanza, linaingia ndani, halafu mguu wa kulia unakuja kwa kuchora chini. Waonyeshe tena, mama." Wajina akawaonyesha. Mpiga ngoma akainamisha sikio, akautafuta mwendo ule kwenye ngozi, akaupata: du, kwaraa. Du, kwaraa. Watoto wakaacha kucheka kwa sababu ilikuwa ngumu. Wengine walianguka. Mmoja akamwuliza wajina, "We unawezaje kutembea hivi siku nzima?" Wajina akamjibu, "Nimezoea. Wewe utazoea."

Baada ya Jumamosi tatu walikuwa wameujua. Watoto ishirini wanatembea kama mjukuu wangu, na yeye mbele yao. Nililia, na mlinzi wa ukumbi akajifanya anafuta dirisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulihusu mgeni. Watoto wote ni watu wa shamba moja, wanalima, wanavuna, wanacheza duara. Anakuja mmoja kutoka nje anayetembea tofauti. Wanamfukuza. Baadaye wanagundua kwamba duara lao haliungani bila yeye, wanamwita, anarudi, na wote wanachukua mwendo wake. Huo ndio mwendo waliokuwa wamejifunza. Mgeni alikuwa wajina. Mwalimu wa dansi alimwuliza kwanza kama anataka, na akasema anataka, kwa sababu mgeni ndiye anayetazamwa na watu wote.

Jumamosi hiyo ninayoisema, watoto walikuwa wanamfukuza bila nguvu. Walisema "toka, toka," kama wanaombana njia. Mwalimu wa dansi akatugeukia sisi wa kwenye benchi.

"Wazee wangu, nisaidieni. Huku mlimani zamani mkitaka kufukuza kitu mlisemaje? Nataka sauti ya kwenu, si ya kitabuni."

Mwalimu wa darasa akasema "ondoka." Watoto wakaguna. Mlinzi akasema zamani walipiga debe. Ndipo mimi nikasimama na fimbo yangu, nikasafisha koo, nikatoa ile tunayofukuzia ngedere kwenye mahindi:

"Huuu-wiii! Rudi kwenu! Huuu-wiii! Rudi kwenu, kwenu ni porini!"

Asiyekaa karibu na msitu hajui. Ngedere hawaji shamba moja. Ukiwafukuza kwako wanaruka kwa jirani, ukinyamaza wanarudi. Kwa hiyo tangu tukiwa watoto tulifundishwa kwamba ukisikia sauti ile popote ulipo, unaitikia. Unaacha unachofanya, unaitikia kwa nguvu, na wa mbele yako ataitikia, mpaka sauti izunguke mlima mzima na wale wanyama wasipate pengo. Mtu aliyesikia akanyamaza alisemwa kwamba anafuga ngedere.

Basi nilipotoa ile sauti ukumbini, muuza maziwa akaitikia kabla hajajijua, "Huuu-wiii! Rudi kwenu!" Na mlinzi mlangoni akaitikia na funguo zake mkononi. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Watoto walipagawa. Walirukaruka, walitaka tena. Mwalimu wa dansi akaja akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo tena, bibi. Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Nimeitoa shambani, mwanangu. Ipo, haijafungiwa."

Ikaingia kwenye mchezo. Wajina aliniangalia kutoka katikati ya ukumbi, uso unang'aa, kwamba wajina wake ndiye aliyeleta sauti. Walimfukuza siku hiyo mara kumi au zaidi. Alikimbia kwa ule mwendo wake mpaka mlangoni, akageuka, akarudi anacheka, wakamfukuza tena.

Mpiga ngoma ndiye aliyeuliza, "Dada, na ile ya kumwita arudi tunaifanya lini?"

Mwalimu wa dansi akasema, "Tumalize kwanza kufukuza, ndiyo ngumu. Kumwita tutafanya mwishoni, ile ni rahisi."

Simlaumu. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo baba yake mwalimu wa dansi alifariki kwao Kilimanjaro. Akaenda kuzika, akabaki na mama yake. Mvua za masika zikaanza. Tukakaa Jumamosi sita bila mazoezi, na watoto wakabaki na nusu ya mchezo. Waliyojua yalikuwa mambo mawili tu: mwendo wa mjukuu wangu na sauti yangu.

Mimi sikujua kinachoendelea barabarani. Wajina alianza kuchelewa kurudi, soksi zimelowa matope, siku moja kiatu kimoja hakipo. Namwuliza, ananiambia, "Tulikuwa mazoezini."

"Mazoezi gani na mwalimu hayupo?"

"Wenyewe wanafanya. Njiani. Wananifukuza, nakimbia."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nafika nyumbani."

Nikaona ni jambo jema, watoto wanakumbuka mchezo wao. Hata nikamsifu. Nikamwambia, "Basi kimbia vizuri, usiniaibishe." Haya ni maneno niliyoyatamka kwa mdomo wangu.

Mara nyingine aliniuliza tukiwa jikoni, amekaa kwenye kigoda na mimi naponda ndizi za loshoro nizichanganye na maziwa mgando, "Wajina, ile sehemu ya pili itaanza lini?"

"Dada yenu akirudi."

"Wao hawawezi kuianza bila dada?"

"Hawaijui."

Akafikiri kwa muda wake mrefu. "Mimi naijua. Nikiwafundisha watacheka."

Nikaendelea kuponda ndizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mvua imekatika mchana, jua linatoa moshi ardhini. Nilikuwa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, ndani kabisa kati ya migomba, napalilia kahawa. Mahindi yangu ya upande wa mto yalikuwa yameanza kubeba. Nikasikia sauti kutoka chini, mbali: "Huuu-wiii! Rudi kwenu!" Watoto wengi. Nikajua ngedere wameingia kwa mtu. Nikasikia tena, sasa imesogea, inakuja upande wangu. Nikaacha jembe. Nikaokota mawe mawili, nikajaza kifua, nikaitikia. Sikuitikia kidogo. Niliitikia kama nilivyokuwa naitikia wakati mume wangu yu hai na tuna shamba zima la kulinda:

"Huuu-wiii! Rudi kwenu! Kwenu ni porini!"

Nikatoka mbio za kizee mpaka kwenye ua wa masale, mawe mkononi.

Alikuwa kwenye njia, karibu sana na ua. Begi limefunguka, daftari moja limebaki nyuma kwenye maji. Nyuma yake watoto kumi, kumi na mbili, wote wanatembea kwa mwendo wake, goti ndani, mguu unachora. Tena walikuwa wanaufanya vizuri. Hakuna aliyekosea. Mmoja alikuwa amekunja mkono kifuani kama aliyeshika yai. Na yeye alikuwa amesimama, hakimbii tena. Alikuwa ananitazama mimi.

Alikuwa anakimbilia nyumbani, na huko nyumbani akasikia sauti ya wajina wake ikimwambia arudi kwao.

Watoto waliponiona walisimama. Mmoja, ambaye bibi yake namjua tangu ujana, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, bibi."

Sikumwitikia. Nilikuwa bado nimeshika mawe. Wakayaona, wakatawanyika.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Sikujua ni wewe. Nilidhani ni ngedere."

Akasema polepole, kila neno limekamilika, "Na wao wanasema hivyo hivyo."

Kesho yake nilikwenda shule. Mwalimu wa darasa alinipa kiti, akaniamkia vizuri, maana ni mtoto wa jirani. Nilimweleza. Akasikiliza akizungusha kalamu.

"Mama, nitasema nao. Lakini na wewe unajua watoto. Wanacheza."

"Wanacheza nini?"

"Mchezo wenyewe. Ule wa ukumbini." Akatabasamu kidogo, hakuwa na ubaya. "Na sauti ni ya kwako, mama. Hapa shuleni wanaiita sauti ya bibi. Nikiwaambia ni mbaya wataniuliza, mbona bibi yake ndiye aliyetufundisha?"

Nilimshukuru kwa kiti.

Aliwachapa, nilisikia. Baada ya hapo hawakupiga kelele tena njiani. Walinong'ona. Huuu-wiii ya chini kwa chini, darasani, mwalimu akigeukia ubao. Hiyo haimpi mtu ushahidi na haiitikiwi, lakini yeye aliisikia.

Mwalimu wa dansi aliporudi amevaa nguo nyeusi, zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili mchezo uonyeshwe. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya mawe. Akakaa kwenye sakafu ya mbao akashika kichwa.

"Tuufute, bibi. Nitasema tumeahirisha."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Usiufute."

"Mama, si lazima. Umeumia."

"Sehemu ya pili bado hawajajifunza. Ukiufuta hawataijua."

Ndivyo alivyokuwa anawaza. Aliamini wale watoto hawakuwa na ubaya, walikuwa na upungufu. Wamefundishwa nusu. Akipatikana wa kuwafundisha nusu nyingine, siku ya Jumatatu watatembea njia ile ile na mambo yatakuwa mengine. Ndilo lililompeleka kwenye mazoezi Jumamosi zote mbili, na ndilo lililonifanya nimpeleke. Ingekuwa ni dansi tu tungebaki nyumbani.

Wakajifunza kumwita. Maneno yalikuwa, "Njoo kwetu." Mwalimu wa dansi aliyatafutia sauti laini, na watoto wakaimba huku wamenyoosha mikono, na mmoja mmoja wanaingia kwenye mwendo wake. Walikuwa wanaujua, kazi hiyo haikuwepo. Ila maneno yenyewe yalikuwa yanawapotea. Wanaimba wakiangalia miguu yao.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuja watu wa mjini waliovaa vizuri, ndugu zake mwalimu wa dansi, wake wa wachungaji, na nusu ya watu wa mlimani kwetu, maana kila mtoto alileta bibi, shangazi na mama mdogo. Binti yangu alifunga meza yake akaja kutoka Terrat, akakaa karibu nami, amemnunulia mwanawe soksi nyeupe mpya.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Watoto walilima, walivuna. Mgeni akaingia. Ngoma ikasema du, kwaraa. Kisha watoto wakamzunguka wakatoa ile sauti.

Na watu wa mlimani wakaitikia.

Hawakupanga. Ni mazoea, kama mtu anavyosema marahaba akisikia shikamoo. Bibi mmoja kwenye mstari wa tatu, kisha wa dirishani, kisha wanaume waliosimama nyuma, kisha ukumbi wote, "Huuu-wiii! Rudi kwenu!" Wakacheka, wakapigana mabega, wakafurahi kwamba kitu cha kwao kimeletwa mjini. Watoto wakaona wanaungwa mkono, wakaongeza. Watu wakaitikia tena. Ilizunguka ukumbi kama inavyozunguka mlima, haikuacha pengo. Muuza maziwa alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Binti yangu, ambaye hajui lolote, ambaye hatukumwambia, aliinua kichwa akaitikia naye, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha akiwa mdogo.

Mjukuu wangu alikimbia mpaka mwisho wa jukwaa, pale mlango wa pembeni ulipo, akageuka kama alivyofundishwa. Ngoma ikashuka. Watoto wakanyoosha mikono, wakaimba, "Njoo kwetu."

Hapo hakuna aliyeitikia. Wangeitikiaje? Hakuna mtu mlimani aliyefundishwa kwamba akisikia njoo kwetu naye aseme. Ukumbi ulinyamaza kwa heshima, watu wamekunja mikono, wanatazama. Zilibaki sauti za watoto ishirini, nyembamba, zinaangalia chini.

Alisimama pale. Wakaimba mara ya pili. Mwalimu wa dansi, pembeni, alikuwa ananyoosha mikono naye, machozi yanashuka. Nilitaka kusimama nipaze sauti. Nilikuwa na kifua bado, ukumbi ule wote ungenisikia. Lakini sauti yangu ndiyo iliyokuwa imemfikisha pale, nikaogopa kwamba akinisikia atakimbia zaidi. Nikakaa.

Walipoimba mara ya tatu aligeuka, akafungua mlango wa pembeni kwa mkono wake mzima, akatoka.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndio mwisho wa mchezo. Walisimama, walipiga vigelegele. Mama mmoja wa mjini alimwambia mwenzake, "Umeona walivyomaliza? Inatisha."

Nilimkuta nje, kwenye bomba la maji, anavua zile soksi nyeupe. Nikamwita, "Wajina."

Akasema, "Bibi, naomba niende na mama."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwita tena. Akaniitikia, "Abee, bibi."

Aliondoka na mama yake siku hiyo hiyo, na viatu vyake mkononi. Sasa anakaa Terrat kwenye chumba kile. Shule ya huko hajaanza. Anashinda mlangoni, anamwangalizia mama yake jiko. Mwalimu wa dansi alimfuata mara mbili akakataa kutoka. Hunipigia kwa simu ya mama yake. Ananiamkia vizuri sana. Shikamoo, bibi. Hujambo bibi. Ng'ombe hajambo? Jina letu hajalitaja tena, na mimi sijamlazimisha.

Mahindi ya mwaka huu ngedere wamekula upande wote wa mto. Jirani akitoa sauti mimi sitoi. Wanasema nimezeeka, sisikii. Wapo wanaosema nafuga ngedere.

Muuza maziwa alikuja mwezi uliopita, akakaa pale kwenye kigoda cha mjukuu wangu. Akaniambia, "Mama, unajitesa bure. Siku ile ukumbini aliyeanza ni mimi. Wewe ulikuwa unasafisha koo, mimi nikatoa, wewe ukaitikia. Kumbuka vizuri." Mimi nakumbuka nilisimama, nakumbuka fimbo mkononi, nakumbuka alivyoitikia baada yangu. Lakini yeye ana miaka arobaini na mimi nimepita sabini na tano, na huenda ananihurumia tu, na huenda ni kweli.

Tulikuwa sita. Nimewataja wote hapo juu, na kila mmoja atajijua ingawa sikuandika jina. Kama wewe ni mmoja wao, au kama ulikuwa mtoto mmoja wa wale ishirini na mmoja na sasa umekua, na unakumbuka kwamba si mimi niliyeanza, njoo uniambie, nitafuta nilipoandika na kuandika upya. Na kama ni mimi, njoo pia, usinifiche.